Jinsi ya Kupanga Vipaumbele vya Utafiti wa Afya kwa Maoni ya Wataalamu Wengi

Anayesimamia fungu la utafiti wa afya hapa Nairobi hukutana na swali moja kabla ya mengine yote, nalo ni nani atakayeamua utafiti upi utangulie. Mara nyingi wataalamu kumi au kumi na wawili hukusanywa katika ukumbi wa hoteli, mwenye cheo kikubwa hufungua mazungumzo, na kufikia chakula cha mchana orodha huwa imeanza kufanana na yale aliyoyasema. Mwongozo huu unaeleza njia nyingine, ambayo nimeitumia kwa miaka kadhaa: kukusanya maoni ya wataalamu wengi, kila mmoja akiwa peke yake, na kuyageuza kuwa alama. Mbinu hii hujulikana kwa kifupi chake, CHNRI (Child Health and Nutrition Research Initiative, yaani Mpango wa Utafiti wa Afya na Lishe ya Watoto), na ilibuniwa katika muongo wa kwanza wa karne hii na kundi lililoongozwa na Igor Rudan wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, kwanza kwa ajili ya utafiti wa afya ya watoto.

Msingi wake ni wa zamani. Mwaka 1906, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walishindania kukisia uzito wa maksai baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alizichambua kadi 787, na kisio la katikati likawa ratili 1,207, ilhali uzito halisi ulikuwa 1,198. Waliokisia walikuwa mchanganyiko wa wachinjaji, wakulima na watu wasio na ujuzi wowote wa mifugo, na kila mmoja alijaza kadi yake mwenyewe. Uhuru wa kila mtu na mchanganyiko wa kundi ndivyo vitu viwili utakavyovilinda katika kila hatua.

Hatua ya kwanza: weka mipaka. Andika kwa sentensi moja ni watu gani, tatizo gani na kipindi gani, kwa mfano afya ya watoto wachanga katika mitaa ya mabanda ya Nairobi kwa miaka kumi ijayo. Shughulikia kibali cha maadili na leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, mapema, na uwaeleze washiriki jinsi utakavyohifadhi taarifa zao kulingana na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Hatua ya pili: chagua kundi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu mbinu hii ulionyesha kwamba mpangilio wa vipaumbele hutulia wataalamu wakifika kati ya 45 na 55, kwa hiyo alika wengi zaidi ya hao, maana si wote watakaojibu. Usiianze orodha kwa anwani ulizo nazo kwenye barua pepe yako, kwa sababu utapata watu waliosoma pamoja nawe na wanaowaza kama wewe. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na wahadhiri wa vyuo vikuu wanahitajika, lakini pia muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya wachanga, mkunga wa Mukuru, na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba Mathare. Kwa mada kama hii, mimi humhesabu huyo wa mwisho kuwa mtaalamu kamili.

Hatua ya tatu: kusanya maswali. Mwombe kila mshiriki maswali mawili au matatu, kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili au Kiingereza. Hapa ndipo kazi ilipo. Muuguzi mmoja aliniandikia hivi: “Kwa nini mama akifika nyumbani anamwondoa mtoto kifuani?” Alikuwa anazungumzia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, ambao hospitalini hubebwa ngozi kwa ngozi wakafungwa kwa kitambaa. Tuliliandika upya: “Ni mambo gani ya nyumbani yanayowafanya akina mama waache kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi baada ya kuruhusiwa kutoka hospitalini, na ni msaada gani ungewawezesha kuendelea?” Sasa swali linaweza kufanyiwa utafiti, na wazo bado ni la muuguzi. Unganisha maswali yanayofanana, lakini hifadhi maneno ya awali kando ya kila swali ili mwenye nalo aweze kukusahihisha. Orodha isizidi maswali mia moja: kwa vigezo vitano vya hatua inayofuata, mia moja ni majibu 500 kwa kila mtu.

Hatua ya nne: alama. Vigezo vya kawaida ni vitano. Je, swali linaweza kujibiwa kwa utafiti unaozingatia maadili? Je, matokeo yake yanaelekea kuzaa huduma inayofanya kazi? Je, huduma hiyo itaweza kuwafikia watu kwa uwezo tulio nao? Je, inaweza kupunguza mzigo wa maradhi kwa kiasi kikubwa? Je, itawanufaisha hasa wasio na uwezo? Kila kigezo hupewa 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana, 0.5 kwa asiye na uhakika, na nafasi huachwa wazi na asiye na ujuzi wa jambo hilo.

Nafasi hiyo wazi usiiondoe. Katika zoezi langu la kwanza nilitengeneza fomu ya mtandaoni iliyokataa kutumwa mpaka kila kisanduku kijazwe. Wasiojua waliweka 0.5, maswali ya kitaalamu zaidi yakarundikana katikati, na ikanibidi nianze upya na watu waliokuwa wamechoka. Badilisha pia mpangilio wa maswali kwa kila mshiriki, kwa sababu swali la tisini hujibiwa na mtu mwenye macho mazito, na usionyeshe alama za wengine hadi zoezi lifungwe.

Hatua ya tano: hesabu. Tuseme watu 50 wamelijibu swali kwa kigezo kimoja: 30 wameweka 1, 10 wameweka 0.5, 5 wameweka 0, na 5 wameacha wazi. Jumla ni 35, ambayo hugawanywa kwa 45 waliojibu, si kwa 50, upate takriban 0.78, yaani alama 78 kwa mia. Wastani wa vigezo vyote vitano ndio alama ya swali. Ukitaka, waombe akina mama na viongozi wa mtaa waseme ni kigezo kipi kina uzito zaidi kwao, kisha urekebishe wastani huo.

Pima pia makubaliano, yaani sehemu ya washiriki wote waliotoa jibu lililojitokeza zaidi. Hapo juu ni 30 kati ya 50, au asilimia 60. Kipimo hiki hufichua jambo ambalo wastani hulificha. Swali lililopewa 1 na watu 25 na 0 na wengine 25 hupata alama 50, sawa na swali ambalo wote 50 wameweka 0.5, lakini la kwanza limewagawanya watu na la pili limewaacha wote njia panda. Tazama ni nani waliogawanyika. Ikiwa wauguzi wamesema ndiyo na watafiti wamesema hapana, andika hivyo waziwazi katika ripoti.

Hatua ya mwisho: rudisha matokeo. Watumie washiriki wote orodha nzima, pamoja na maswali yaliyoshika mkia, huku kila swali likiwa na alama yake, kiwango cha makubaliano na maneno yake ya awali, ili muuguzi aliyeuliza kuhusu mtoto kuondolewa kifuani aone swali lake limefika wapi.