Kumlea mhadhiri kijana: unachoweza kumpa na usichoweza

Ukikabidhiwa mhadhiri msaidizi umlee kitaaluma, jiulize kwanza kama wewe ndiye msimamizi wa tasnifu yake. Kama ndiye, mtafutie mlezi mwingine. Atakuambiaje kwamba msimamizi amekaa na sura yake ya pili muhula mzima, na msimamizi mwenyewe ni wewe?

Mimi nafundisha Dar es Salaam. Vikao vyangu ni vya saa moja kila baada ya wiki mbili, na lazima pawe na maandishi mezani, hata aya moja.

Faida kubwa nimeiona kwenye maoni ya wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla jarida halijaichapa. Makala ikirudi na maneno makali, vijana wengi huiweka kando na hawairudii tena. Kaeni nayo wiki hiyohiyo. Chora naye jedwali: safu ya kwanza hoja ya mhakiki kama alivyoiandika, ya pili jibu, ya tatu ukurasa uliorekebishwa. Mwonyeshe pia namna ya kuikataa hoja kwa adabu na ushahidi, maana mhakiki naye hukosea. Kisha mpe asome maoni waliyokuandikia wewe ulipokuwa ngazi yake. Nimeona vijana wakipata nguvu kwa hilo kuliko kwa nasaha yoyote.

Jina lako lisiingie kwenye makala hiyo kwa sababu tu ulimwongoza. Miongozo ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba inasema kusimamia kwa jumla au kuleta fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi. Sisi wa sayansi za jamii nasi tuifuate.

Lakini mzigo wa kufundisha huwezi kumpunguzia. Mwenye darasa la mamia ya wanafunzi na lundo la mitihani ya kusahihisha hataandika kwa kuhimizwa. Msaidie kuorodhesha saa zake za vipindi, semina na usahihishaji, azipeleke kwa mkuu wa idara. Ukiweza, nenda naye. Cheo pia usimwahidi. Someni pamoja vigezo vya kupandishwa, mapema, kabla hajalipa jarida la kitapeli linaloahidi kuchapa ndani ya siku chache.

Mada yake ikiwa mbali na yako, mwambie. AuthorAID, mtandao wa kimataifa wa watafiti, huwaunganisha watafiti na walezi bila malipo. Aliye kwenye afya ya jamii na chuo chake ni mwanachama wa CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika ulioanza 2008 na wenye programu ya uzamivu, aulizie huko. Barua ya kumtambulisha iandike wewe.