Kompyuta ya michezo ya zama za XP kwa vipuri vya mtumba

Swali la kwanza si prosesa gani wala RAM kiasi gani. Ni unataka kucheza nini. Kama hamu yako ni Prince of Persia ile ya 1989, huna haja ya kuunda chochote. Weka DOSBox (programu inayoiga kompyuta za DOS) kwenye laptop uliyonayo, mambo yameisha. Kama unataka michezo ya mwishoni mwa miaka ya 1990 iliyotengenezewa kadi za Voodoo za 3dfx, andaa mfuko, maana kadi hizo siku hizi zinawindwa na wakusanyaji. Mwongozo huu ni wa kundi la katikati: Project I.G.I., Vice City, Counter-Strike 1.6, Need for Speed Most Wanted, FIFA za mwaka 2003 hadi 2007. Hiyo ni michezo ya Windows XP, na XP ndiyo tutakayoweka.

Utaniuliza, kwa nini nisiicheze kwenye Windows 10? Mingi itacheza, baada ya kubembelezwa. Lakini CD halisi nyingi za miaka ile zilifungwa na ulinzi wa SafeDisc, na Windows 10 iliukataa ulinzi huo tangu ilipotoka 2015, hivyo unaingiza CD uliyoinunua kihalali na mchezo unagoma. Sauti nayo: Vista ilipokuja 2007 iliondoa njia iliyoruhusu mchezo kuzungumza moja kwa moja na kadi ya sauti, na mwangwi wa EAX (teknolojia ya sauti ya kadi za Sound Blaster) ukapotea nayo. Ukisikia risasi ndani ya handaki kwenye XP yenye kadi ya Sound Blaster, halafu ukaisikia kwenye mashine mpya, utaelewa tunahangaikia nini.

Hatua ya 1: Tafuta mnara wa ofisi

Usianze kununua kipuri kimojakimoja. Nunua kompyuta nzima ya mezani iliyotoka ofisini, kisha uiboreshe. Dell OptiPlex 755 na 780, HP Compaq dc7900, HP 8000 Elite: hizi zimeingia Afrika Mashariki kwa makontena na bado zinapatikana Kariakoo, na kwenye minada ya ofisi zinazobadilisha vifaa. Zote zinabeba prosesa za Core 2 Duo za soketi ya LGA775. OptiPlex 755 na dc7900 hutumia RAM ya DDR2. 780 na 8000 Elite hutumia DDR3, ambayo ni rahisi zaidi kuipata. Hilo likumbuke, kwa sababu muuzaji akikwambia "RAM ni RAM tu kaka, zote zinaingia", anakudanganya au hajui.

Chagua umbo la mnara, ule mrefu unaosimama. Zile nyembamba zinavutia, lakini hazipokei kadi ya grafiki ya kimo cha kawaida na pawa saplai yake ni dhaifu. Prosesa ikiwa E8400 ya gigahezi 3.0, umemaliza, usitafute Core 2 Quad. Michezo tunayoizungumzia mingi haitumii hata kiini cha pili.

Nenda dukani mwenyewe, usimtume winga. Winga anataka kamisheni yake, na kasha lililopigwa poda nje linaweza kuwa limenyonywa ndani: RAM imepunguzwa, hitisinki (chuma cha kupoza prosesa) ya mashine nyingine, skrubu zimebaki mbili. Omba lifunguliwe mbele yako. Muuzaji anayekataa kufungua kasha amekujibu tayari.

Hatua ya 2: Kagua kapasita kabla ya kutoa hela

Hapa ndipo pa kutumia muda. Kati ya takriban 1999 na 2007 viwanda vingi duniani vilitumia kapasita za maji zenye kemikali mbovu, na mazabodi (bodi kuu za kompyuta) nyingi za miaka hiyo zimekufa au zinaelekea kufa kwa sababu hiyo. Mashine inaweza kuwaka vizuri dukani kwa dakika tano, ikafika kwako ikaanza kujizima katikati ya mchezo.

Washa tochi ya simu, ilaze pembeni ya mazabodi ili mwanga upite chini chini, kisha tazama vile vimitungi vidogo vya alumini vinavyozunguka prosesa. Juu ya kila kimoja kuna mkwaruzo wa kiwandani wenye umbo la msalaba au herufi K. Kichwa kinatakiwa kiwe bapa kabisa. Kikiwa kimevimba, hata kwa unene wa kucha, hicho kimechoka. Kikiwa na ukoko wa kahawia juu au kwenye miguu, kimeshavuja. Gusa pia kwa kidole: kilichoinama pembeni huku vingine vimesimama huenda kimesukumwa na kizibo chake kutoka chini.

Kapasita moja au mbili zilizovimba si mwisho wa dunia kama unajua kulehemu au una fundi wa redio mtaani kwako. Sheria ni hii: mikrofaradi zilezile, volti zilezile au zaidi, na aina ya ukinzani mdogo iliyokusudiwa mazabodi. Ile ya 1000 µF volti 6.3 unaweza kuweka ya 1000 µF volti 10 ikienea kwa upana. Zingatia upande wa hasi, wenye mstari. Zikiwa zimevimba tano au sita, mwachie mwenye duka.

Hatua ya 3: Pawa saplai

Mashine zilizotoka Marekani mara nyingine zina swichi ndogo nyekundu nyuma ya pawa saplai, imeandikwa 115 na 230. Ikiwa 115 nawe ukachomeka kwenye umeme wetu wa volti 230, utasikia mlio na kuona moshi kabla hujagusa kitufe. Angalia swichi hiyo kwanza, kila mara, hata kama umeambiwa mashine imetoka Uingereza.

Sasa ipime. Ukiwa na pawa saplai ya kawaida ya ATX, itoe kwenye kasha, iache bila mazabodi, unganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwenye plagi ya pini 24 kwa kipande cha waya kilichofunikwa, kisha washa. Feni ikizunguka, shika mita: waya wa njano usome kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, wa rangi ya machungwa kati ya 3.14 na 3.46. Chomekea diski ya zamani au feni ili iwe na mzigo kidogo, maana pawa saplai isiyobeba kitu inaweza kusoma vizuri kwa unafiki. Baadhi ya mashine za kampuni kubwa zina plagi zao wenyewe zisizofuata rangi hizi. Hapo usiunganishe waya kwa kubahatisha.

Ikishindwa kipimo, usiifungue. Kapasita yake kubwa hushika volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Tafuta nyingine, na ujihadhari na kanyaboya zilizoandikwa "500W" huku ni nyepesi kama boksi la biskuti. Ya kweli ina uzito.

Hatua ya 4: Usafi

Toa vumbi kwa blowa na brashi laini ya rangi, nje ya nyumba, huku ukizuia feni zisizunguke. Ng'oa hitisinki, futa gundi ya joto iliyokauka kwa spiriti safi na kitambaa kisichoacha nyuzi, weka mpya kiasi cha punje ya mchele. Badilisha betri ya CR2032. Ikisoma chini ya volti 2.7 saa ya BIOS (programu ya kuwashia iliyo ndani ya mazabodi) itakuwa inapotea kila umeme ukikatika. Miguu ya dhahabu ya RAM isugue na kifutio cha penseli. Hapo basi.

Hatua ya 5: Kadi ya grafiki

Sloti ya PCI Express hutoa wati 75. Kwa kuwa pawa saplai za ofisi nyingi hazina plagi ya ziada ya pini sita, tafuta kadi inayoridhika na hizo 75. Mbili ninazozipendekeza: Radeon HD 4670 ya 2008 na GeForce GT 240 ya 2009. Zote zina draiva za XP, zote zinaendesha Most Wanted na mapambo yake yote. GeForce 9600 GT ni kali zaidi lakini inataka plagi ya pini sita.

Usipande juu sana. Nvidia ilitoa draiva zake za mwisho za XP 2016, kwa hiyo kadi mpya haitakuwa na draiva kabisa. Nyingi kati ya hizo mpya hazina hata njia ya kutoa picha kwa VGA, na skrini tutakayotumia huenda ikawa ya VGA. Kwenye kadi ya zamani, tazama tundu la DVI: likiwa na vitobo vinne vinavyozunguka kile kipande bapa, kibadilishaji cha DVI kwenda VGA cha bei rahisi kitafanya kazi.

Kadi ikionyesha chenga au mistari ya rangi, achana nayo. Utaambiwa na watu iokwe kwenye oveni ipone. Inaweza kupona kwa wiki kadhaa, kisha inarudi kulekule, nawe umevuta moshi wa plastiki jikoni kwa mama.

Hatua ya 6: Jaribu kabla ya kufunga kasha

Weka RAM mbili zinazofanana; gigabaiti 2 zinatosha. XP ya biti 32 ukiipa 4 haitaziona zote, itaishia kama 3.2 hivi. Washa Memtest86+ (programu ya kupima RAM) kutoka kwenye CD au flashi na uiache usiku kucha. Kosa moja jekundu linatosha kuitupa RAM hiyo, usijiambie "ni moja tu".

Hatua ya 7: Diski na XP

Diski ya mtumba ipime kwa CrystalDiskInfo kwenye kompyuta nyingine. Idadi ya sekta zilizohamishwa ikiwa zaidi ya sifuri, itumie kuhifadhia sinema. Mimi naweka SSD ndogo ya gigabaiti 120, ila kuna jambo: XP huanza kugawa diski kwenye sekta ya 63, mahali ambapo SSD hufanya kazi mara mbili kwa kila inachoandika. Igawe kwanza kwa Windows 7 au kwa GParted (programu ya kugawa diski), kisha XP uiambie itumie mgawanyo huo huo bila kuufuta.

Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa SATA, uondoe kwenye AHCI (njia mpya ya kuwasiliana na diski) na uweke IDE, ATA au Legacy, kwa jinsi walivyoliita kwenye mashine yako. Usipofanya hivyo utapata skrini ya bluu yenye 0x0000007B, na utadhani mazabodi imekufa wakati XP haina tu draiva ya AHCI.

Tumia CD ya XP yenye SP3 (Service Pack 3), iliyochomwa kwa kasi ndogo. Ile XP ya mwanzo, ya 2001, haioni zaidi ya gigabaiti 137 za diski. Kama kasha ni la Dell, tafuta CD ya XP ya Dell. Ikiwekwa kwenye mashine ya Dell haidai kuamilishwa, na hilo ni raha kubwa maana msaada wa XP ulikwisha Aprili 2014.

Hatua ya 8: Draiva, kwa mpangilio

Draiva za chipseti (chipu kuu za mazabodi) kwanza, kisha kadi ya grafiki, kisha sauti, mwisho DirectX 9.0c toleo la Juni 2010. Ukipata Sound Blaster Audigy 2 ZS ya PCI, ichukue bila kujadili. Kabla ya kuiweka, zima sauti ya mazabodi ndani ya BIOS.

Draiva ya mtandao usiiweke kabisa. XP kwenye intaneti leo ni kutafuta balaa, na hata Steam, duka la michezo la mtandaoni, iliacha kuihudumia tangu Januari 2019. Michezo iingize kwa CD, au kwa flashi iliyopita kwanza kwenye kompyuta yenye kinga nzuri, maana XP isiyosasishwa huambukizwa kirahisi na virusi vilivyo kwenye flashi.

Hatua ya 9: Skrini na marekebisho madogo

Skrini bapa ya inchi 17 au 19 ya 1280 kwa 1024 ndiyo rafiki wa michezo hii, na ofisi zinaziuza kama zinazitupa. Skrini ya chogo ni nzuri zaidi kwa mwendo na rangi. Iweke 1024 kwa 768 kwenye hezi 85 ili macho yasiumie. Ila ni mzigo, na usimruhusu mtoto kuifungua.

Mchezo ukikimbia kasi isiyo ya kawaida au ukaganda, kosa mara nyingi ni viini viwili. Fungua Task Manager, kwenye Processes bofya kulia kwenye mchezo, chagua Set Affinity, uubanie kiini kimoja. Karibu kila ninapoulizwa "mbona unazingua", hilo ndilo jibu.

Kila kitu kikikaa sawa, na kabla hujajaza michezo, piga nakala ya diski nzima kwa Clonezilla na uihifadhi kwenye diski ya nje. Umeme wa mtaani ukikata na kurudi kwa kishindo, XP ni nyepesi kuharibika faili. Nakala inairudisha ndani ya muda wa kunywa chai, bila kurudia hatua ya 7 na ya 8.