Kabla ya kuandika tasnifu, uliza: toleo lipi?

Kama unasoma uzamili wa Kiingereza na umechagua tamthilia ya Shakespeare, usianze na nadharia. Anza na kitabu ulichoshika mkononi.

Chukua King Lear. Ilichapwa 1608, ikachapwa tena 1623 kwenye mkusanyo mkubwa wa tamthilia za Shakespeare, na maandishi hayo mawili hayafanani. Toleo la 1608 lina mistari kama mia tatu isiyokuwemo katika la pili. La pili nalo lina kama mia moja ya peke yake. Hata maneno ya mwisho ya mchezo hutamkwa na watu tofauti: Albany mwaka 1608, Edgar mwaka 1623. Sasa fikiria umejaza kurasa kumi kuhusu nani anarithi mamlaka mwishoni, halafu msimamizi anakuuliza, "Hayo ni ya toleo gani?" Mimi niliulizwa. Nilibaki kuangalia dari.

Vitabu vingi vya dukani huunganisha matoleo yote mawili, na msomaji haoni mshono. Kwa hiyo soma ule utangulizi wa mhariri tunaouruka sote, na maelezo madogo chini ya ukurasa. Folger Shakespeare Library ya Washington imeweka maandishi ya tamthilia hizi mtandaoni bure, ukitaka kulinganisha.

Hutaki usumbufu huo? Julius Caesar, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, maandishi yake yana chanzo kimoja tu, toleo la 1623.