Mtungi wa Oksijeni wa Dharura kwa Wapiga Mbizi: Namna ya Kuuchagua na Kuutumia

Mpiga mbizi aliyekaa chini ya maji hutoka na nitrojeni nyingi mwilini kuliko aliyoshuka nayo, kwa kuwa shinikizo la maji huifanya gesi hiyo iyeyuke katika damu na tishu. Akipanda haraka kupita kiasi, na mara nyingine hata akipanda kwa utaratibu, gesi hiyo hugeuka viputo vinavyoleta maumivu ya viungo, ganzi, kisunzi, udhaifu wa miguu, au uchovu usioelezeka. Hatari zaidi ni hewa inayopenya kutoka kwenye pafu lililojeruhiwa, ikaingia katika ateri na kufika kwenye ubongo ndani ya dakika chache. Huduma ya kwanza kwa hali zote mbili ni ile ile: oksijeni iliyo karibu na asilimia 100, mapema iwezekanavyo. Oksijeni huiondoa nitrojeni kupitia mapafu na huzilisha tishu zilizonyimwa damu, ingawa haishiki nafasi ya daktari wala ya chumba cha shinikizo, yaani chumba maalumu ambamo mgonjwa hutibiwa chini ya shinikizo kubwa.

Kikundi cha Nairobi kinachojiandaa kwenda Diani, Watamu au Kisite kisianze kwa kuuliza bei ya mtungi, bali kiulize ni dakika ngapi zitapita tangu mgonjwa atolewe majini hadi akabidhiwe kwa watu wenye oksijeni ya kutosha. Hesabu yake ni rahisi: zidisha ujazo wa mtungi kwa shinikizo lake, kisha gawanya kwa kiwango cha mtiririko. Mtungi wa lita 2 wenye shinikizo la baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) hubeba takriban lita 400 za gesi, ambazo kwa mtiririko wa lita 15 kwa dakika huisha katika dakika 26 hivi. Wa lita 5 hudumu kama dakika 66. Sasa chukua boti iliyo saa moja kutoka ufukweni, uongeze saa mbili za barabarani, pamoja na foleni ya feri ya Likoni kama njia yenu inapita hapo: dakika 180 kwa lita 15 ni lita 2,700, yaani mitungi miwili ya lita 7, nayo itabakiza gesi kidogo sana. Nakuomba uifanye hesabu hii kwa karatasi kabla ya kila safari, kwa sababu kile kimtungi kidogo kinachopendeza dukani kwa wepesi wake kinaweza kuisha kabla boti haijatia nanga.

Kifaa cha kumfikishia mgonjwa gesi nacho hubadilisha hesabu. Barakoa yenye mfuko wa akiba, isiyomruhusu mgonjwa kuvuta tena pumzi aliyoitoa, hutumika kwa lita 10 hadi 15 kwa dakika, na ni rahisi kwa mtu anayepumua kwa udhaifu. Lakini hewa ya nje hupenya kingoni, hivyo haifikishi asilimia 100. Vali inayotoa gesi pale tu mgonjwa anapovuta pumzi hukaribia asilimia hiyo iwapo barakoa imeshika uso vizuri, na haipotezi gesi kati ya pumzi na pumzi. Ningeshauri sanduku liwe na vyote viwili, pamoja na barakoa ya mfukoni yenye tundu la kuunganishia oksijeni kwa ajili ya mtu aliyeacha kupumua.

Gesi yenyewe iwe ya matibabu, ijazwe na kampuni inayouzia hospitali, na mtungi uwe na lebo inayosomeka. Usiamini rangi peke yake. Mtungi wa fundi wa kuchomelea vyuma usiingie katika mpango huu. Vilevile, mashine za umeme za kuzalisha oksijeni, ambazo familia nyingi zilizijua wakati wa korona, hazifai hapa, kwa sababu zile za kubebeka hutoa mtiririko mdogo mno.

Wakati wa kutumia, simamisha mtungi au ulaze mahali usipoweza kubingirika, mbali na moto, sigara na injini. Futa mikono: mafuta ya nazi, losheni ya jua na grisi vinaweza kuwaka vikikutana na oksijeni yenye shinikizo kubwa. Fungua vali kidogo kwa nukta moja ili vumbi litoke, kisha funga. Tazama ile waasha ndogo kati ya mtungi na regyuleta, yaani kifaa kinachopunguza shinikizo la gesi inayotoka. Ikiwa imepasuka au haipo, gesi itavuja hata ukikaza kwa nguvu zako zote. Linganisha pini na matundu yake, kaza kwa mkono, fungua vali polepole na usome geji. Ukisikia mluzi, funga na uanze upya. Unganisha mpira wa barakoa, weka mtiririko wa lita 15, na uzibe kwa kidole tundu la ndani ya barakoa hadi mfuko ujae, ndipo uivalishe. Mfuko ukinywea kabisa mgonjwa anapovuta pumzi, ongeza mtiririko.

Mgonjwa alazwe chali bila kuinua miguu, au kwa ubavu ikiwa amezimia au anatapika. Andika saa oksijeni ilipoanza na dalili zilizoonekana. Usipunguze mtiririko ili gesi idumu zaidi, na usiikatize dalili zinapotoweka, kwani zinaweza kurudi. Endelea hadi daktari aseme vingine au mtungi uishe. Aliye macho timamu na asiyetapika anaweza kupewa maji. Kumrudisha baharini ili “ajitibu” ni jambo la kukataza kabisa. Pigeni simu hospitalini na kwa laini ya dharura ya Divers Alert Network, shirika linalosaidia wapiga mbizi, mapema, wakati gesi ingali inatiririka.

Dalili ndogo zisimfanye mtu akimbilie nyumbani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kadiri anavyopanda, kwa ndege, treni au gari, viputo hutanuka. Hata mzima anashauriwa kungoja angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi za kurudia au za siku kadhaa. Akigundua ganzi akiwa tayari jijini, aanzishiwe oksijeni hapo hapo, na ikibidi kusafirishwa kwa ndege, wahudumu waombwe kudumisha ndani yake shinikizo la usawa wa bahari.

Kuhusu usafirishaji, msijaribu kuupakia mtungi kwenye ndege bila idhini ya maandishi. Mara nyingi ni nafuu kukodi uliojaa huko Pwani. Kwa gari, ufungwe mkanda, vali ifungwe, na usiachwe ndani ya buti juani Voi mkisimama kula. Kila mwezi kagua geji, waasha na barakoa, na hakikisha tarehe ya kupimwa kwa mtungi, ambayo imegongwa shingoni mwake, haijapitwa. Kwa kawaida kipimo hicho hurudiwa kila baada ya miaka 5.