Kelele kwenye kebini ya lori: anza na matundu, zulia baadaye

Kabla ya kununua zulia nene, ziba matundu. Kelele nyingi hupenyea kwenye raba ya gia, matundu ya pedali na nyaya, na raba za milango. Funga mlango ukiwa umebana kipande cha karatasi, kisha kivute. Kikitoka kilaini, raba imelala, ibadilishe.

Bati linalovuma ukiligonga linahitaji uzito. Bandika shiti za butili (raba nzito inayonata) za milimita 2, katikati ya bati; kufunika robo tu ya eneo lake kunasaidia sana. Futa grisi kwa spiriti kwanza, kandamiza kwa rola mpaka hewa iishe, la sivyo zitabanduka. Shiti za lami za kuezekea ni za bei nafuu, lakini jua likiwaka hulainika na kunuka. Juu weka sponji isiyonyonya maji, maana inayonyonya huozesha sakafu kwa kutu. Matundu ya kutolea maji chini ya mlango yaache wazi.

Mtetemo wa gari likiwa limesimama linaunguruma? Kagua raba zinazobeba injini. Wa mwendo fulani tu? Balansi ya matairi, au krosi (viungo) za propela, shafti inayopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Bushi za kebini (raba zinazoibeba) zikichoka, shiti hazitasaidia kitu.