Tairi Halali Ujerumani, Haramu Austria: Pima Kina Kabla ya Kuvuka Mpaka

Kama unapanga kuvuka milima ya Alps kwa gari kipindi hiki cha baridi, chukua sarafu ya euro 2, shuka kwenye maegesho, uichomeke kwenye mfereji wa tairi. Ule ukingo wa rangi ya fedha una upana wa milimita 4. Ukizama wote, endelea na mipango yako. Ukibaki unaonekana, hata kidogo, basi kwa Austria hiyo si tairi ya baridi tena, hata kama uliinunua kwa jina hilo na ina alama zote zinazotakiwa. Kisha rudia kwenye tairi la pili, la tatu na la nne. Zote nne, jamani. Nalitanguliza hili kwa sababu ndilo lililonilaza njiani, na tangu siku ile nimeshakutana na watu wetu wengi wanaoendesha bila kulijua.

Naishi Augsburg, Ujerumani, mwaka wa tisa sasa. Januari 2025 mdogo wangu aliyeko Verona alijifungua mtoto wa kwanza. Mama yetu alikuwa aje kutoka Tanga kumkanda, viza ikagoma. Kazi ikaniangukia mimi dada mtu. Nikapakia tangawizi, pilipili manga, unga wa uji na doti tatu za kanga, nikaondoka alfajiri kupitia mji wa Füssen na njia ya mlimani ya Fernpass, niteremke Innsbruck huko Austria, nipande njia nyingine ya mlimani, Brenner, niingie Italia. Kwa hesabu zangu ningekula chakula cha mchana na mzazi.

Tairi zangu zilikuwa za mtumba. Nilizinunua Oktoba kwa mtu mmoja aliyekuwa akiuza gari lake, na nilizikagua kwa uangalifu, au nilivyodhani. Nilitafuta ubavuni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati, ilikuwepo. Nikasoma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 3819, yaani zilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2019. Si kuukuu. Nikaridhika nikalipa. Kina cha kashata, yaani yale matuta na mifereji ya tairi, sikukipima, kwa sababu Ujerumani sheria inadai milimita 1.6 tu, na kwa jicho zilikuwa mbali sana na kipara.

Huo ndio mtego. Alama inakwambia tairi imetengenezwa kwa ajili ya nini. Haikwambii imebaki na nguvu kiasi gani. Ujerumani wanatazama alama kwanza, kina chao ni kidogo. Austria wanataka alama na milimita 4 juu yake, kwa tairi za kawaida za gari dogo. Ukipungua hapo wanakuhesabu kama uliyekuja na tairi za kiangazi. Unavuka mpaka usio na geti wala askari, hakuna anayekugongea kioo, na papo hapo tairi zako zimebadilika jina.

Theluji ilianza nilipopita mpaka, ile nzito yenye maji. Kabla sijaanza kupanda Fernpass nikasimamishwa. Askari kijana, mpole, akaangalia leseni, akazunguka gari, akachuchumaa na kifaa kidogo kama kalamu. Nyuma, milimita 5. Mbele, 3. Akanionyesha namba kwa kidole, asidhani simwelewi. Nikamwambia nina cheni kwenye buti, mpya, hazijafunguliwa. Nilidhani hapo nimejiokoa.

Akanyoosha mkono barabarani. Katikati ya ule uji wa theluji ilionekana mistari miwili ya lami nyeusi, njia ya magurudumu ya waliotangulia. Akanieleza taratibu: cheni zinachukua nafasi ya tairi za baridi pale tu barabara inapofunikwa na theluji au barafu yote, au karibu yote. Kwenye uji kama huu hazihesabiki. Kwa hiyo mbele siendi. Faini nililipa, na haikuwa ndiyo iliyoniumiza. Kilichoniumiza ni kulala kwenye nyumba ya wageni ya kijijini kwa bei ya msimu wa utalii, na asubuhi kununua tairi mbili kwa fundi pekee aliyekuwa karibu, kwa bei aliyoitaja yeye. Zile tairi nne za mtumba zilikuwa rahisi. Hizi mbili zilizidi bei yake. Na mzazi alikaa siku nzima bila kukandwa.

Narudia, maana najua kuna atakayesoma haraka: cheni kwenye buti si kinga ya tairi mbovu Austria. Cheni ni msaada wa juu ya tairi nzuri.

Na usiniambie mbona wewe ulipita mwaka jana. Sheria ya Austria, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 15 Aprili, inategemea hali ya barabara. Pakiwa pakavu hakuna atakayekuuliza. Ulipita kwa sababu ya jua. Theluji ikianguka saa ile ile uko katikati ya mlima, sheria inaanza kukuhusu hapo hapo, na ukisababisha ajali au kuziba njia faini inaweza kupanda hadi maelfu ya euro.

Ujerumani nako kuna jambo lililowakuta wengi. Zamani tairi yenye herufi M+S (kifupi cha matope na theluji) peke yake ilikubalika. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 haikubaliki tena kwenye theluji na barafu. Lazima ule mlima wenye theluji uwepo. Tairi za misimu yote zinaruhusiwa zikiwa na alama hiyo. Ukikamatwa bila yake penye theluji ni euro 60 na pointi moja Flensburg, kwenye daftari la makosa ya madereva. Ukizuia wengine njia, euro 80.

Sasa sikilizeni nyinyi mnaoazimana magari, na sisi watu wa pwani gari la mmoja ni la ukoo. Ujerumani wanamwadhibu dereva, na wanamwadhibu pia mwenye gari aliyeruhusu litoke hivyo: euro 75 na pointi yake. Mpwa wangu alikuja likizo ya Desemba akaniambia, "Shangazi, nipe funguo niende Venice mara moja, mimi naendesha Kitonga kila mwezi." Baba yangu, Kitonga ni mteremko mkali kweli na malori yake yanatisha, lakini lami yake haigandi. Nilimnyima, akanuna siku mbili. Ndugu zetu wa nyumbani tunawapenda, ila tuwaambie ukweli kabla hawajafika: tairi si tairi tu. Mpira wa tairi ya kiangazi unakakamaa baridi inaposhuka, na gari linateleza kama sabuni kwenye sakafu ya bafu hata ukiwa na kashata mpya kabisa. Na wageni wanaokodi gari rahisi kuliko yote mtandaoni: uliza kabla ya kulipa gari lina tairi gani, uandikiwe kwenye mkataba. Polisi akisimamisha gari, anaongea na aliyeshika usukani.

Mlio Uingereza na Uholanzi mko hatarini zaidi, kwa sababu huko hakuna sheria ya kuwalazimisha tairi za baridi. Unatoka Rotterdam na tairi za kiangazi ukiwa raia mwema, unafika milimani ukiwa mkosaji.

Nchi nyingine nazipitia kwa ufupi. Italia, barabara nyingi za kaskazini na za milimani zinadai tairi za baridi au cheni ndani ya gari kati ya 15 Novemba na 15 Aprili. Hapo cheni kwenye buti zinakubalika, na ndiyo maana watu wanachanganya na Austria. Slovenia, ambako wengi mnapita kwenda Croatia, ni 15 Novemba hadi 15 Machi, theluji iwepo isiwepo, kina milimita 3. Ufaransa tangu 2021 wana sheria ya milimani, 1 Novemba hadi 31 Machi: Alps, Vosges, Jura, Massif Central, Pyrenees na Corsica, kwa maeneo yaliyowekewa kibao, tairi za baridi, au cheni au soksi za kitambaa za tairi kwenye buti. Uswisi hawana tarehe wala amri ya jumla, ila ukipata ajali na tairi za kiangazi usitegemee huruma. Jamhuri ya Cheki, Novemba hadi Machi, milimita 4 kama Austria.

Ndugu zangu wa Kongo na Burundi mlioko Sweden na Finland, nyinyi mna mtego wenu: tairi za misumari. Kwenu ni jambo la kawaida, tena la busara. Ujerumani zimepigwa marufuku, isipokuwa kipande chembamba cha mpakani na Austria. Ukishuka kuja arusi Hamburg, njoo na tairi za baridi zisizo na misumari.

Turudi kwenye cheni, maana bado zina kazi yake. Kibao cha duara cha bluu chenye picha ya tairi iliyofungwa cheni kinamaanisha hupiti bila cheni, hata tairi zako ziwe mpya. Zinafungwa kwenye magurudumu yanayoendeshwa na injini. Gari nyingi ndogo ni ya mbele, lakini soma kitabu cha gari. Ukizifunga nyuma kwenye gari la kuvuta mbele umejichosha bure. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Lami ikionekana, simama pembeni uzivue, vinginevyo zinakatika na kula tairi pamoja na barabara. Kwetu madereva wa njia za udongo hufunga cheni masika na kukaa nazo hadi wafike. Huku sivyo.

Na ujifunze kuzifunga nyumbani, mchana, pakavu. Jioni ile theluji ilikaza, na kilima cha kwenda nyumba ya wageni kikawa cheupe chote. Nikatoa cheni. Kwenye sanduku kulikuwa na karatasi ya michoro sita bila neno hata moja. Nilipiga magoti kwenye theluji na suruali ya jinsi, glavu za sufu zikalowa, nikazivua, vidole vikafa ganzi nikawa siihisi ile ndoano ya nyuma ya gurudumu. Nusu saa nzima nilikuwa nimeipindua cheni, upande wa nje uko ndani. Akatokea mzee mmoja na tochi ya kichwani, hakunisalimu, hakuniuliza natoka wapi. Akalala chali pembeni ya gurudumu, akavuta, akabana, akaniambia nisogee mbele mita chache, akabana tena. Alipomaliza akaniambia jambo moja tu: kesho fanya mazoezi. Akaenda zake.

Nimelifikiria sana lile. Tunasema watu wa huku ni baridi kama hewa yao. Nyumbani trafiki angenisimamisha mara tano njiani, tungebishana kuhusu kizima moto na pembetatu, ningemwita mkubwa, angenionya, ningejua wapi nimekosea kabla sijafika mlimani. Huku hakuna wa kukukumbusha. Wanaamini mtu mzima amesoma sheria, na kama hukusoma, ni yako. Naona kuna ukali usio wa lazima hapo, hasa kwa mgeni ambaye hakukulia kwenye theluji. Kibao kimoja mpakani chenye namba 4 kingetuokoa wengi. Lakini yule mzee hakuwa baridi. Jirani yangu Augsburg naye, tangu anisikie, kila Oktoba ananigongea mlango kunikumbusha msemo wao wa O hadi O, Oktoba hadi Ostern, yaani Pasaka, na ananiazima jeki yake.

Bima usiisahau. Ukiwa na bima kubwa na ukagonga kwenye theluji na tairi za kiangazi, kampuni inaweza kukata malipo kwa kusema ulikuwa mzembe.

Ukinunua tairi za mtumba, mwambie muuzaji akuandikie kina cha kila tairi kwa milimita kwenye risiti. Anayekataa kuandika ana sababu. Mimi sasa nabadilisha zikifika 4 hata kama Ujerumani ningeendelea nazo misimu miwili. Vignette ya Austria, yaani kibali cha kulipia barabara zao kuu, nunua kabla ya kuvuka, na Brenner ina tozo yake mbali.

Kwenye buti langu sasa hivi kuna cheni, glavu za mpira za kuoshea vyombo zenye bitana, tochi ya kichwani, na kipande cha mkeka wa zamani wa kupigia magoti. Ukirudi nyumbani zioshe cheni kwa maji ya vuguvugu kutoa chumvi ya barabarani, zianike zikauke kabisa ndipo uzirudishe sandukuni. Za kwangu za mwaka ule nilizifungia mbichi, Novemba nikazikuta zimeshikana kwa kutu.