Kumsaidia mtoto kutafuta ukoo wake: hatua kwa hatua

Nyumba nyingi zinazozungumza Kiswahili Uganda, iwe Bombo, Arua, Busia au kambi za polisi, zimechanganya makabila mawili matatu, kila moja na utaratibu wake wa majina. Mwongozo huu ni wa mzazi mwenye mtoto wa miaka 9 kwenda juu. Tafuta daftari la kurasa 96, penseli, kifutio, na simu ya kurekodi sauti. Programu za kuchora mti wa ukoo ziache kwanza. Nyingi zinadai jina la familia, na huku kwetu ndugu watatu wa baba mmoja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata kidogo. Mtoto atabahatisha tu ili nafasi ijae.

Hatua ya 1: Anachokijua mwenyewe

Aandike wazazi, mababu na mabibi wa pande zote mbili, kila mtu na ukurasa wake.

Hatua ya 2: Karatasi za nyumbani

Vyeti vya ubatizo na ndoa, ripoti za shule, picha za zamani (zigeuze usome nyuma). Zaidi ya yote, vijitabu vya ibada ya mazishi, maana wasifu wa marehemu hutaja wazazi, watoto na kijiji. Tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha mzee isikutie hamasa, wazee wengi waliikisia siku ya kujiandikisha.

Hatua ya 3: Wa kumwuliza

Anza na shangazi. Babu atakueleza ukoo ulivyopaswa kuwa. Shangazi anajua ulivyo, pamoja na watoto wa nje. Mzazi umtangulie mtoto, uulize faraghani mambo gani hayasemwi mbele ya watoto. Kuna waliokufa kwa ugonjwa usiotajwa, na kuna waliochukuliwa na waasi huko kaskazini. Mtoto asiulize "alikufa na nini?" Aulize "alizikwa wapi?"

Asalimie kwa desturi ya nyumba ile, apige magoti kama ndivyo inavyotakiwa, kisha aombe ruhusa ya kurekodi. Dakika 40 zinatosha. Mzee aongee lugha yake, tafsiri itafuata baadaye.

Hatua ya 4: Nani ni nani

Hapa ndipo siku nzima hupotea. Mtu mmoja huandikwa mara tatu, au watu watatu wakafanywa mmoja.

Mtu mzima ana jina la kuzaliwa, la dini, la utani na la mtoto wake. Mama Okello, Hajati na Nnalongo wanaweza kuwa bibi yule yule. Ssalongo na Nnalongo ni heshima ya wazazi wa mapacha, kwa hiyo familia moja inaweza kuwa na akina Ssalongo wawili. Kwa Wanyoro na Watooro kuna empaako, majina ya heshima na upendo (Abwoli, Adyeri, Akiiki, Amooti na wenzake), ambazo zote ni 12 tu, kwa hiyo jina "Mzee Amooti" halijakuambia lolote. Kwa Waganda, Yusufu wa Waprotestanti ndilo jina lile lile la Yozefu wa Wakatoliki. Aliyebadili dini huonekana kama watu wawili. Juu ya kila ukurasa yaandikwe majina yote ya mtu huyo, na nani humwita hivyo.

Halafu kuna baba. Ndugu wa baba naye ni baba. Buganda, mrithi aliyesimikwa baada ya msiba huchukua nafasi ya marehemu, kwa hiyo "baba yetu" anayetajwa anaweza kuwa kaka mtu. Swali "huyu ni ndugu yako?" halifai, jibu ni ndiyo hata kwa binamu. Maswali yanayofaa ni mawili: "Alizaliwa na mama yupi?" na "Wewe na yeye ni toka nitoke?" Kwenye nyumba ya wake wengi, watoto wachorwe chini ya mama zao. Ukiwapanga wote mstari mmoja chini ya baba, hutawatenganisha tena.

Majina mengine yanajihakiki yenyewe. Kwa Waacholi na Walango, Opio au Apio ni pacha wa kwanza, Ocen au Acen wa pili, Okello au Akello ndiye anayewafuata. Daftari likiwa na Okello lakini juu yake hakuna mapacha, huenda kuna watu wamekosekana, mara nyingi waliofariki wachanga. Ulizia hilo wewe, si mtoto. Kwa Waganda, Kigongo hutangulia mapacha na Kizza huwafuata.

Ukoo nao ni kipimo. Mtoto wa Kiganda hufuata muziro (mnyama au kitu cha mwiko kinachotambulisha ukoo) wa baba, na kwa kawaida watu wa muziro mmoja hawaoani. Ukiona mume na mke wote ni wa ukoo wa Nsenene (panzi), huenda kuna mmoja aliyeandikiwa ukoo wa mama yake. Ukishaujua ukoo, shuka kwenye matawi yake, kutoka kubwa hadi dogo: ssiga, mutuba, lunyiriri.

Hatua ya 5: Miaka

Usiulize mwaka, uliza tukio: Kabaka Mutesa II, mfalme wa Buganda, kurudi kutoka uhamishoni (1955), uhuru (1962), Amin kupindua (Januari 1971), Waasia kufukuzwa (1972), Kampala kuanguka (Aprili 1979), Museveni kuingia madarakani (Januari 1986), shilingi kukatwa sufuri mbili (1987). Uliza alikuwa akifanya nini wakati huo. Aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kung'oka meno ya utoto Amin alipopindua alizaliwa kati ya 1963 na 1965. Iandikwe hivyo hivyo, "1963–1965", usichague mwaka wa katikati.

Hatua ya 6: Mahali

Kijiji, muluka (vijiji kadhaa), gombolola (miluka kadhaa). Wilaya zimegawanywa mno: "Bukedi" ya cheti cha zamani leo ni Tororo, Busia, Pallisa na nyinginezo.

Hatua ya 7: Kuchora

Karatasi ya manila, penseli, wino baada ya shangazi kupitia. Kwa mtu ambaye ndugu hawakubaliani kumhusu, mstari wa nukta. Unapotuma picha ya mchoro kwenye kundi la WhatsApp la familia, funika tarehe za kuzaliwa za walio hai. Rekodi za sauti zihamishie kwenye flashi mbili, moja ikae kwa shangazi.